Garanti ya Mpangaji Si Pesa Yetu

Wamama wenzetu, tuwaambie yaliyotupata hapa Lukafu. Nyuma ya nyumba yetu tuko na vyumba viwili vya kupangisha, dolari 50 kwa mwezi. Mpangaji alitoa garanti ya miezi mitatu, dolari 150. Tukalipia watoto masomo, ikaisha.

Mwezi wa kwanza mvua ikazidi. Mama yule akatuita, akatuonyesha beseni juu ya kitanda cha mtoto, limejaa maji. Akasema, «Mama, tunahama. Munirudishie garanti yangu.» Tukaona haya, maana hatukuwa nayo.

Zamu yetu ya likelemba ikatuokoa, lakini pesa tuliyoiwekea paa ikaenda yote kulipa garanti. Vyumba vikabaki bila mtu mpaka mwisho wa mwezi wa sita: miezi mitano, dolari 250 zimepotea. Paa lenyewe, mabati, misumari na fundi, lilitaka 130 tu.

Sasa tunafanya hivi. Garanti tunaiweka kando, haiguswi. Na sheria ya 2015 inakataza kuomba zaidi ya miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa. Kila kodi ikiingia, tunatoa dolari 5 za matengenezo. Tunaanza na paa, kisha choo. Rangi inakuja mwisho. Na yote tunaandika kwenye daftari, mpangaji anatia sahihi.

Wamama, mwezi wa nane umefika, kungali kukavu. Mutazame mapaa yenu mbele ya mvua kuanza.