Mashine Moja, Magonjwa Mawili

Wengi mmekuwa mkituuliza ile kompyuta yetu iliishia wapi, kama bado inahangi ama tumeshaiuza kwa wanunuzi wa vyuma. Basi leo tunawaeleza yote, maana tunaona kisa chake kinaweza kumsaidia mtu.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, kuukuu. Tuliipata ofisi fulani ilipobadilisha mashine zake. Inakaa kwenye nyumba yetu ya matofali ya udongo na mabati, mahali ambapo wanne wetu wanalala, na tunaitumia watu sita. Ndiyo inatuandikia barua za wazazi, CV za vijana wanaotafuta kazi, na mazoezi ya shule ya wadogo zetu. Kila ukurasa tunaomchapia mtu ni shilingi 20, na hizo ndizo sabuni na bando la intaneti.

Ugonjwa wake ulikuwa hivi. Unaandika vizuri, ghafla skrini inaganda. Mausi haisogei, kibodi haijibu, lakini feni inazunguka kama kawaida. Siku nyingine haigandi: inazima tu, pap! Halafu inajiwasha tena yenyewe kama mtu aliyeshtuka usingizini. Inaweza kukaa siku mbili bila neno, halafu ikafanya hivyo mara tatu jioni moja.

Mwezi ule haukuwa mwezi wa mchezo. Dada mmoja wa kikundi chetu alikuwa anaandika ombi la ufadhili wa DAFI, ule mpango wa UNHCR unaolipiwa na serikali ya Ujerumani tangu 1992 ili wakimbizi wasome chuo kikuu. Insha yake ilipotea mara mbili katikati ya sentensi. Zilikuwa zimebaki siku 21 maombi yafungwe. Mara ya pili hakulia, alikaa tu akiangalia skrini ikijiwasha. Sisi tuliokuwa pale hatukujua tumwambie nini.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mama mmoja aliyekuja kuchapiwa barua alisema mashine ina pepo, tuiombee. Fundi mmoja aliiangalia dakika kumi akasema bodi kubwa ya ndani imekufa, tununue kompyuta nyingine. Na majirani walishapata mkosaji: mdogo wetu wa miaka 16, ambaye hubeba filamu kwenye flashi kutoka nyumba hadi nyumba. "Ni virusi vya huyo mtoto," walisema. Kijana akaacha kuingia ndani. Akija, anasimama mlangoni.

Hilo lilituuma kuliko kompyuta. Si tunajua sisi jinsi ilivyo kulaumiwa bila kuulizwa? Kambini kitu kikipotea, anayeangaliwa kwanza ni yule aliyefika juzi. Tukakubaliana: hakuna kutaja jina la mtu mpaka tuwe na ushahidi.

Kitu cha kwanza tulichofanya hakikuwa kutengeneza. Tulinakili kila faili kwenye flashi mbili, na insha ya dada tukaituma kwenye barua pepe yake. Mashine ikifa leo, maneno yake yasife nayo. Tangu siku hiyo alikuwa anahifadhi kila baada ya aya moja.

Kitu cha pili kilikuwa daftari la shilingi chache, la mistari. Tulichora safu tano: tarehe, saa, ilifanya nini, stima ilitoka wapi, na nani alikuwa anafanya kazi gani. Kwenye safu ya "ilifanya nini" ilikuwa lazima kuchagua neno moja kati ya mawili: IMEGANDA au IMEJIZIMA. Hakuna kuandika "imesumbua".

Pia tuliingia kwenye mipangilio ya Windows, mahali inapoamuliwa mfumo ufanye nini ukianguka, tukaondoa ile alama inayoruhusu mashine kujiwasha upya yenyewe. Maana yake ni kwamba kama tatizo liko kwenye programu, mara nyingi skrini ya buluu itabaki na maandishi yake uyasome. Lakini yetu iliendelea kujizima na kujiwasha bila skrini ya buluu yoyote. Kwenye kumbukumbu za mfumo tulikuta namba 41 mara nyingi. Msishtuke mkiiona. Hiyo namba inasema tu kwamba mashine ilizima bila kuagwa. Haisemi nani aliizima. Hata hivyo tulianza kuelewa kwamba kwa upande wa kujizima, tuangalie zaidi joto na stima kuliko programu.

Tukaanza na joto, kwa sababu Kakuma ni Kakuma. Mchana chini ya bati unajua mwenyewe. Tulichomoa waya, tukabonyeza kitufe cha kuwasha ili umeme uliobaki utoke, tukagusa chuma cha kasha, ndipo tukafungua. Vumbi lililokuwa ndani lingetosha kupanda mchicha. Tulilitoa kwa brashi laini na pampu ya baiskeli, huku mmoja ameshika feni kwa kidole isizunguke kwa kasi ya upepo. Pesti iliyo juu ya prosesa ilikuwa imekauka kama unga, tukaifuta na kupaka mpya. Programu ya kupima ikaonyesha joto limeshuka kutoka nyuzi 84 hadi 63. Tukapeana mikono.

Jioni hiyo hiyo ikajizima mara mbili.

Vumbi lilikuwa na makosa yake, lakini hili halikuwa lake. Na hapa ndipo tulipoona faida ya kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kama siku ile tungesafisha, tukabadilisha waya na kufuta programu zote kwa pamoja, tusingejua lipi limesaidia na lipi halikusaidia.

Baada ya siku tisa tulikaa chini na daftari. Kulikuwa na matukio 17. Tulichukua kalamu nyekundu kwa IMEJIZIMA na ya buluu kwa IMEGANDA. Jamani, tulinyamaza wote. Nyekundu zote, isipokuwa moja, zilikuwa kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa tatu usiku, na zote zilikuwa kwa stima ya jenereta. Buluu zilikuwa zimetawanyika: asubuhi, mchana, usiku, kwa jenereta na hata siku tulizotumia betri ya sola ya jirani. Haukuwa ugonjwa mmoja unaokuja ovyo. Yalikuwa magonjwa mawili yaliyopewa jina moja.

Tukashughulikia nyekundu kwanza. Tuliazima mita ya kupima volti kwa fundi wa sola. Mchana soketi yetu ilikuwa karibu 235, na Kenya stima ya kawaida ni 240. Saa moja na nusu usiku, wakati vinyozi, televisheni za mpira na friji za maduka zote zinafanya kazi, mita ilishuka hadi 170, ikapanda, ikashuka tena. Pawa saplai ya kompyuta yetu imeandikwa mgongoni kwamba inataka 200 hadi 240. Ikinyimwa, inakata. Ni haki yake.

Mbona hakuna mtu aliyegundua? Kwa sababu taa zetu ni za LED, na nyingi za aina hiyo huwaka vilevile hata volti zikishuka sana. Zile balbu za zamani za waya zingefifia tukaona. Kwa macho yetu stima ilikuwa nzuri.

Ili kuwa na uhakika, jioni nne mfululizo tuliendesha kompyuta kwa betri ya jirani na inveta yake, saa zilezile mbaya. Haikujizima hata mara moja. Jioni ya tano tukairudisha kwenye jenereta. Kabla ya saa mbili ilikuwa imejizima.

Tulienda kwa mwenye jenereta. Hatukwenda na kelele, tulikwenda na daftari na mita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmeleta pesa ya mwezi?"

"Tumeleta, mzee. Na tumeleta kitu uangalie."

Aliangalia kurasa zile muda mrefu. Kisha akatoka na sisi, tukafuata waya wake kutoka kibandani. Unapita nyumba 14. Sisi ni wa mwisho. Kuanzia nyumba ya tisa waya ni mwembamba, wa spika za redio, na una viungo sita vilivyofungwa kwa nailoni. Kila anayechota mbele anapunguza kinachofika nyuma, na waya mwembamba unameza sehemu yake njiani. Mzee alitikisa kichwa. "Hakuna aliyewahi kuniambia," alisema. Alileta waya mnene kwa gharama yake, nyumba tano za mwisho tukachanga kwa viungo vya kufungia, na kazi akaifanya mwenyewe jenereta ikiwa imezimwa. Sasa usiku mita haishuki chini ya 210.

Yule mama wa nyumba ya kumi na mbili naye alikuja kutushukuru. Friji yake ndogo ya soda, ambayo alishaambiwa imeharibika, imepona.

Zikabaki buluu. Kompyuta yetu ilikuwa na vijiti viwili vya RAM. Tulitoa kimoja, tukatumia kilichobaki siku mbili: kimya. Tukabadilishana: ikaganda asubuhi ya kwanza. Kabla ya kuhukumu, tulisugua meno ya kile kijiti kwa kifutio cha penseli, maana uchafu nao huleta hayo, tukakihamisha hadi nafasi ya kile kizima. Usiku tukawasha programu ya MemTest86 kutoka kwenye flashi, ikifanya kazi peke yake bila Windows. Asubuhi skrini ilikuwa na mistari myekundu ya makosa. Kijiti kizima kwenye nafasi zote mbili hakikutoa kosa. Basi nafasi haina hatia, kijiti ndicho kibovu. Tulikitoa. Mashine imekuwa mzito kidogo kwenye intaneti, lakini haigandi. Kijiti kingine cha mitumba kilikuja na basi kutoka Kitale mwezi uliofuata kwa shilingi 900.

Na virusi? Tulichunguza flashi zote. Tulikuta kile kirusi kinachogeuza mafaili kuwa njia za mkato, tukakifuta. Lakini kirusi hakishushi volti, wala hakitoi makosa kwenye programu inayopima RAM Windows ikiwa imelala. Tulimwita mdogo wetu mbele ya majirani waliokuwa wanasema, tukawaonyesha daftari ukurasa kwa ukurasa. Hakusema kitu. Siku iliyofuata alikaa kwenye kiti, si mlangoni.

Ndugu zetu wa mashirika, hapa tuna neno na nyinyi, kwa heshima. Kwenye mikutano tunasikia "vijana hawahudhurii mafunzo". Hiyo ni sawa na kusema "kompyuta inasumbua". Mmoja hahudhurii kwa sababu saa hiyo ndiyo ya foleni ya maji. Mwingine ni binti, na mafunzo yanaisha giza limeingia. Wa tatu alishahudhuria matatu yanayofanana. Dawa ya mmoja haimponyi mwingine. Andikeni saa, andikeni nani, ndipo mlete suluhisho. Na mnapotuletea kompyuta, tunashukuru sana, lakini njooni pia na mita moja na stabilaiza moja. Mashine nyingi zinazotupwa hapa hazijafa. Zinakaa mwisho wa waya.

Vijana wenzetu, kama yako inaganda au inajizima, fuata hivi. Nakili mafaili yako kwanza. Tenganisha kuganda na kujizima. Andika saa na chanzo cha stima kwa wiki nzima. Badilisha kitu kimoja, ngoja, andika. Pima stima saa ile inayosumbua, si saa ya mchana ukiwa na nafasi. Jaribu RAM kijiti kimoja kimoja. Ukishamaliza hayo na bado, hapo ndipo uanze kufikiria diski na bodi, na hapo mpe fundi daftari lako. Fundi mzuri atafurahi.

Dada yetu alituma ombi lake siku mbili kabla ya kufungwa. Jibu bado. Tunalisubiri naye, na kusubiri tunakujua. Ila safari hii insha iliondoka ikiwa nzima, maneno yote aliyotaka kusema yakiwemo.

Daftari liko mezani kando ya kibodi, na tumeshaanza kulitumia kwa mashine za wengine. Ukituletea yako, karibu sana, hatutakutoza kitu kwa kuangalia. Tutakuuliza tu: inaganda ama inajizima? Na saa ngapi?