Njoo kesho

Sisi mafundi nguo tunajulikana kwa uongo. “Njoo kesho, vimebaki vifungo tu,” na kitambaa hata mkasi hakijauona. Ila uongo wangu mkubwa haukwenda kwa mteja. Niliupeleka CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU.

Nilianza dawa mwaka 2017. Nilimeza bila kukosa, ingawa kidonge cha wakati ule, chenye efavirenz, kiliniletea ndoto za ajabu usiku kucha. Baadaye tukabadilishiwa, tukapewa chenye dolutegravir, ndoto zikaisha. Wingi wa virusi ukasoma chini ya 50.

Katikati ya 2021 usingizi ukanikimbia. Watu hutaka sababu: kafiwa, kaachwa, biashara imekufa. Mimi sina ya kuwapa. Naamka saa tisa usiku, nalitazama bati mpaka adhana. Ikaja Januari, mwezi wa sare za shule, ambao fundi wa Mwanza hapati hata nafasi ya kunywa chai. Nilikaa mbele ya cherehani, sketi za watoto zimerundikana, mguu juu ya pedeli, pedeli haiendi. Wazazi wakafoka. Mtaani wengine wakasema naringa, wengine nimerogwa.

Alamu ya dawa ililia kila siku saa mbili usiku. Niliisikia. Kopo liko kabatini, hatua nne. Sikuwa nimegoma wala sikusahau. Niliizima, nikageukia ukutani. Nimeshindwa mpaka leo kumweleza mtu mwenye usingizi wake jinsi hatua nne zinavyoweza kuwa mbali kuliko Musoma.

Usiku wa kuamkia kliniki nilimimina vidonge kiganjani, nikahesabu, nikabakiza viwili vitatu vya kuonyesha, vingine nikatupa chooni. Nesi akihesabu, hesabu inakaa. Nikaandikwa mfuasi mzuri. Damu haikukubali: mwaka 2022 majibu yalirudi nakala 38,000.

Wakati ule ukizidi 1,000 uliingizwa kwenye ushauri wa ziada, kisha ukapimwa upya. Vikao viwili vya kwanza vilikuwa wimbo uleule: weka alamu, tafuta msimamizi wa dawa, acha pombe. Pombe sinywi. Nesi mmoja alinisema mbele ya foleni kwamba dawa za serikali si za kutupa chooni, wala hakujua alivyopatia.

Kikao cha tatu nilimkuta nesi mgeni, binti wa rika la mwanangu. “Shikamoo, fundi.” Kopo hakuligusa. Alitoa karatasi yenye maswali tisa, yote ya wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kujiona umeshindwa. Kila jibu lina alama, 0 hadi 3. La tisa linauliza kama umefikiri kuwa afadhali ufe. Nikajibu kifundi: “Hapana.” Hakuandika. Kalamu ilibaki hewani, feni inazunguka.

“Karibu kila siku,” nikasema.

Jumla ikawa 19 kati ya 27. “Hii ni sonona, baba. Inatibika.” Hakuniachia mlango mpaka daktari alipokuja na ndugu yangu akapigiwa simu.

Nikaandikiwa fluoxetine, kimoja asubuhi. Wiki za kwanza sikuona kitu, nikataka kuacha. Aliyenishikilia ni mshauri wa kliniki, naye anaishi na VVU, tuliyekaa naye kila Alhamisi chini ya mwarobaini. Hakuwa na mahubiri. Aliniuliza: leo tunaanza na sketi ipi? Nilikuja kujua kwamba Zimbabwe daktari Dixon Chibanda alianza jambo la namna hiyo mwaka 2006, mabibi wa Mbare, Harare, wakikaa benchini na wenye kufungisisa. Kwa Kishona ni kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema “ana mawazo”, halafu tunampita.

Wiki ya sita, jirani akikaanga dagaa, nikasikia njaa. Nilisimama mlangoni mwake kama mtoto.

Habari ya chooni nilimwambia nesi mwenyewe. Akacheka, kisha akaiandika. Desemba kipimo kilisoma tena chini ya 50.

Sketi ya mwisho ya Januari ile niliimaliza Agosti. Mwenyewe alikuwa amerefuka, ikamfika juu ya magoti, nikafumua pindo na kulishona upya bila malipo.