Bibi Mzaa Bibi Aliitwa Nani?

Wapenzi akina mama, jaribuni jambo moja jioni ya leo. Waulizeni watoto wenu babu mzaa babu yao aliitwa nani. Hapa kwetu Kilimanjaro wengi watajibu, maana jina la ukoo wanalitumia shuleni kila siku, na kaburi la babu liko kihambani katikati ya migomba. Kisha waulizeni bibi mzaa bibi yao aliitwa nani na alitoka nyumba gani. Hapo kimya kitaingia.

Kimya hicho si jambo dogo. Mimi ni muuguzi na mama wa watoto wanne, na nimeona kinavyoweza kuleta machozi ndani ya nyumba.

Sisi watu wa mlima huu hatukutokea mahali pamoja. Mababu walikuja ukoo mmoja mmoja, kwa nyakati mbalimbali. Wako wanaosimulia kwamba walitoka Ukambani, wengine Taita, wengine Upare au Usambara, na wengine kwa Wamasai. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona mlima mwezi Mei 1848 alikuta watu wamekwisha kukaa, wana migomba yao na Wamangi wao. Ukoo uliofyeka msitu ulipanda masale kuonyesha mpaka, na uliochimba mfongo wa maji uliutunza kizazi hata kizazi. Ukienda kwa mzee leo atakuonyesha kwa fimbo yake: mfongo ule ni wa akina fulani.

Lakini yasikilizeni vizuri masimulizi hayo. Mara nyingi ni mwanamume aliyekuja na mkuki wake, akajenga, akazaa wana watatu. Kana kwamba alizaa peke yake! Hata orodha ya mababa katika Injili ya Mathayo sura ya kwanza haikuwaacha wanawake wote. Humo mmetajwa Tamari, Rahabu, Ruthu, mke wa Uria na Mariamu.

Miaka michache iliyopita binti yetu mkubwa alituletea habari njema. Amepata mchumba, kijana wa Marangu, mcha Mungu na mwenye kazi yake. Sisi kwetu ni Machame. Koo ni tofauti, kanisa ni moja, kila mtu akafurahi. Siku ya mazungumzo ya kwanza mama mkwe wangu, ambaye amepita miaka themanini, alikaa kimya akisikiliza wazee wakitaja baba za kijana mmoja baada ya mwingine. Walipomaliza akasema, "Baba zake nimewasikia. Sasa nitajieni mama zake."

Wakamtaja mama yake. Wakafika kwa bibi mzaa baba, marehemu siku nyingi, na wote wakamtaja kwa jina la mtoto wake wa kwanza tu: Mama Fulani. Mzee mmoja akakumbuka kwamba alipoolewa alikuja na jina la ukoo. Jina lenyewe lilikuwa la ukoo wetu!

Akina mama, mnajua mila zetu. Watu wa ukoo mmoja hawaoani. Kama bibi huyo alikuwa binti wa nyumba yetu, basi hawa watoto ni ndugu. Mazungumzo yakasimama, wageni wakaondoka bila kumaliza chakula. Binti yangu hakulala usiku ule, wala mimi sikulala.

Ila majina yetu yana jambo lake. Chukua jina la Massawe: utalikuta Machame, na utalikuta Rombo. Jina moja halina maana ya nyumba moja. Ilibidi tujue bibi yule alizaliwa wapi na baba yake ni nani, na walioweza kusema walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Mimi na mama wa kijana tukaenda kwenye usharika alikofungia ndoa bibi yule. Katibu alitutolea kitabu cha ndoa cha miaka ya 1950, karatasi zimekuwa za manjano lakini wino bado unasomeka. Tulipitisha kidole mstari kwa mstari karibu saa mbili, mpaka tukamwona: jina lake la ubatizo, jina la baba yake, na kijiji alichotoka, Rombo. Tukafika hadi huko. Tukamkuta mdogo wake wa mwisho, bibi kizee asiyeona vizuri, akatutajia baba, babu na kihamba chao bila kusita. Hapakuwa na mtu wa Machame hata mmoja.

Wazee wakakaa tena, wakaridhika. Arusi ilifungwa, na leo nina mjukuu. Amepewa jina la bibi yule.

Kazini nako nauona upungufu huu. Mama akija na uvimbe kwenye titi tunamwuliza kama katika familia kuna aliyewahi kuugua saratani. Atataja shangazi za mumewe, ambao hawana damu moja naye. Za bibi zake mwenyewe hazijui. Saratani ya matiti inayorithiwa huweza kupitia upande wa mama na hata upande wa baba. Kisukari na shinikizo la damu pia hupenda kufuata familia. Kumjua bibi alikufa kwa ugonjwa gani kunaweza kukufanya uwahi kupimwa.

Siku hizi kuna vipimo vya DNA. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba mafuvu matatu yaliyochukuliwa huku wakati wa Wajerumani yameonekana kuwa na undugu na watu walio hai Tanzania. Hilo ni jambo kubwa kwa familia zilizosubiri zaidi ya miaka mia moja. Lakini kipimo huonyesha damu tu. Jina la bibi yako na nyumba aliyotoka vitatoka kwa watu, na watu hao wanazeeka.

Basi tuanzeje?

Kwanza, nenda kwa mzee kuliko wote aliye hai. Usimwendee na maswali kama karani wa sensa. Kaa naye mkichambua maharage, umwulize: ulipojifungua mtoto wa kwanza, nani alikuja kukulea? Nani alikupikia mtori? Majina ya wanawake yatamiminika.

Pili, tazama majina ya watoto. Kwa desturi yetu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Wasichana nao hivyo hivyo kwa bibi zao. Ukijua majina ya shangazi kwa mpangilio wao wa kuzaliwa, umeshapata majina ya bibi wawili.

Tatu, tumia vitabu vya kanisa vya ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, Mamba 1894 na Moshi 1896. Wakatoliki walianza Kilema mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1890. Omba kwa adabu ofisini, na kitabu ukishike kwa mikono safi.

Nne, soma. Petro Itosi Marealle alituandikia kwa Kiswahili "Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera" mwaka 1947. Vijana wenu nao wanaweza kutafuta kwenye intaneti picha za kale za wamisionari wa Leipzig, zilizohifadhiwa na Chuo Kikuu cha Southern California.

Tano, andika kwenye daftari gumu, nakala mbili. Moja ibaki kwako, nyingine mpe binti. Mwezi Desemba, ukoo ukirudi nyumbani kwa Krismasi, lisomeni pamoja.

Tahadhari moja. Utasikia mambo ya uchungu: mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, mke aliyefukuzwa. Sisi wauguzi tumefundishwa kutunza siri, nawe fanya hivyo. Andika jina la mtu, aibu yake iache. Lakini palipo na posa, wazee waambiwe ukweli wa damu.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Asili ina mikono miwili, wa baba na wa mama. Wa baba una watunzaji wengi. Huu wa mama, mpendwa dada, tusipouandika sisi, hakuna atakayeuandika.