Boriti ya Mzee na Mikoko ya Jomvu Kuu

Watu wengi wakaao kisiwani Mombasa hudhani ya kuwa msitu ni kitu cha bara, tena cha mbali, chenye ndovu na baridi. Kumbe kisiwa chenyewe kimekumbatiwa na mahori mawili, la Tudor upande mmoja na la Port Reitz upande wa pili, na kandokando ya yote mawili umesimama msitu wa mikoko. (Huyo Reitz alikuwa afisa kijana wa manowari ya Kiingereza, naye alifariki mwaka 1824, wenyeji wa hori hilo hawakuulizwa jina.)

Yuko mzee mmoja wa Mji wa Kale, aliyekuwa karani wa bandarini kwa miaka mingi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa boriti, siku zile majahazi ya Arabuni yalipokuja Bandari ya Kale kwa upepo wa kaskazi na kurejea kwa kusi yakiwa yamesheheni miti. Biashara hiyo ya kupeleka miti ng'ambo ilipigwa marufuku na serikali mwaka 1982. Mzee huyu tangu utoto alijua kuhesabu miti kwa korija, yaani ishirini ishirini, na alijua majina yake kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Lakini mahali inapoota hakupata kupakanyaga hata siku moja.

Basi boriti moja ya dari ya chumba chake ikapasuka. Ijulikane ya kuwa katika nyumba za kale za Waswahili, upana wa chumba hufuata urefu wa boriti wala si matakwa ya mwenye nyumba. Ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba. Fundi alipoitwa alitoa mashauri mawili. La kwanza, dari yote ivunjwe, iwekwe zege na chuma. La pili alilisema kwa sauti ya chini: "Miti ipo, Mzee. Nitakuletea usiku."

Neno lile "usiku" halikumpendeza mzee. Mikoko yote ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932, na mtu hawezi kuikata pasipo kibali. Hata hivyo hakumkatalia fundi. Alimwambia arudi Jumatatu, na siku ya Jumamosi akamchukua mjukuu wake, msichana wa miaka 12, wakapanda matatu kwenda Jomvu.

Walivuka Makupa juu ya daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2022. Zamani hapo palikuwa na tuta la mawe na udongo, na maji ya hori moja hayakuweza kupita kuingia hori la pili. Mzee alimwonyesha mtoto maji yakipita chini, akamweleza ya kuwa mwaka 1988 tangi moja la Kipevu lilitoboka, mafuta yakamwagika, na mikoko ya huko Makupa ikafa kwa wingi.

Jomvu Kuu ni mji wa kale wa Wajomvu, mojawapo ya Mataifa Kumi na Mawili ya Mombasa. Wanawake wa huko wamejenga njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, nayo haimchoshi hata mtu wa umri mkubwa. Walifika maji yakiwa yamekupwa, jambo jema, maana wakati wa bamvu maji ya Mombasa hupanda zaidi ya mita 3. Matope yalikuwa wazi, na kaa wadogo walikimbilia mashimoni kila mbao ilipolia.

Mama mmoja wa pale aliamkia, "Shikamoo, Mzee," akaitikiwa, akawatangulia. Akawaonyesha mlilana usimamao mbele kabisa, penye maji mengi. Nyuma yake mkoko wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa. Kisha mkandaa na mchu. Alimwambia mtoto arambe jani la mchu. Mtoto akaramba, akakunja uso: chumvi tupu. Mti huo hunywa maji ya bahari na kutoa chumvi kwa majani yake. Kisha akachuma mbegu ya mkoko, ndefu na yenye ncha. Mbegu hiyo huanza kuota ingali imening'inia juu ya mti wa mama yake, nayo ikianguka wakati wa kupwa huweza kujichomeka matopeni ikasimama.

Mbele kidogo mzee alisimama. Palikuwa na visiki vingi, vingine vyeupe bado.

"Hivi ni vya lini?" akauliza.

"Vya juzi, Mzee. Huja na mitumbwi usiku. Mvua kubwa za mwaka 1997 na 1998 zilileta udongo, kule Mwache mikoko mingi ikafunikwa ikafa. Ile ilikuwa kazi ya Mungu. Hii ni ya watu wa mjini."

Mzee hakujibu. Aliinama akapima kisiki kwa shubiri, kama alivyofundishwa na baba yake. Kilikuwa cha boriti.

"Mti kama huu huchukua miaka mingapi?"

Mama alimwelekeza penye mkoko ulionyoka. "Huu niliupanda alipozaliwa mwanangu wa kwanza. Sasa yuko sekondari, na mti ni pau tu."

Mtoto akauliza, kwa sauti ya kusikika, "Babu, chumba chetu kina boriti ngapi?"

"Ishirini na tatu," akajibu mzee. Korija moja na tatu zaidi. Alizijua bila kuhesabu, maana ndizo azionazo kila alfajiri afumbuapo macho. Waliondoka maji yalipoanza kurudi, na mtoto alikuwa na mbegu mbili za mkoko mkononi. Mama alimwambia azichomeke hapo hapo, kwa kuwa mjini hazina pa kuishi, naye akashuka matopeni akazichomeka.

Fundi alipofika Jumatatu aliikuta boriti iliyopasuka imeegemezwa kwa nguzo ya mbao kuukuu, iliyotolewa mlango uliovunjwa jirani. Nguzo imekaa katikati ya chumba, na kitanda kimesogezwa ukutani. Fundi aliitazama, akacheka, akasema haitadumu miaka mitano. Mzee akamwandalia kahawa, wakazungumza mambo mengine.