Msumeno Wenye Hita, Malindi?

Leo tuache kompyuta kidogo. Nataka tuzungumze juu ya msumeno wa injini, huu ambao mafundi wetu wa mbao huuita pawasoo. Na si pawasoo yoyote, bali ile yenye vishikio vinavyopata moto. Ndiyo, umesoma sawasawa! Mashine yenye hita ya kupashia mikono, tena hapa Malindi, ambapo hata mwezi wa Julai mtu hulala na feni.

Imefikaje huku? Mjomba wangu hupasua mbao upande wa Gede: minazi iliyozeeka, miembe, mivinje ya mashambani. Mwaka jana alinunua msumeno uliotumika kutoka Ulaya. Muuzaji alimwambia una "kitu cha ziada", akapandisha bei. Mjomba akaniita niangalie ile swichi ndogo ya nyuma, maana mimi ndiye "mtu wa mitambo" wa ukoo (kwao, anayeandika programu hutengeneza kila kitu, mpaka jiko la gesi). Tukauwasha, tukabonyeza swichi. Baada ya muda vishikio vikawa vya moto kama kikombe cha chai. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mjomba, yaani nimeuziwa jua?"

Sasa umeme huo unatoka wapi, na msumeno wa petroli hauna betri ya kuuwasha hita? Kumbuka dainamo ya baiskeli: sumaku inazunguka karibu na koili, taa inawaka. Kila injini ya aina hii ina gurudumu lenye sumaku, na sumaku hiyo ndiyo huipa plagi cheche. Kwenye msumeno wenye hita huongezwa koili nyingine karibu na gurudumu hilohilo. Umeme wake hupita kwenye nyaya mpaka vishikioni, na ndani yake kuna vipande vyembamba vya kuleta joto. Ukinzani hugeuza umeme kuwa joto, kama kwenye pasi ya nguo.

Lakini hapa pana jambo lililonifurahisha. Injini ikipumua tu huzunguka kama mara 2,800 kwa dakika, na ikivutwa mafuta hufika 13,000 au zaidi. Kasi ikipanda hivyo, mbona vishikio haviunguzi? Jibu ni lilelile la dainamo. Gurudumu likienda kasi, koili husukuma umeme kwa nguvu zaidi, lakini koili hiyohiyo huzidi kuuzuia mkondo unaogeuka upesi. Nguvu na kizuizi hupanda pamoja, kwa hiyo kwenye kasi kubwa mkondo hauongezeki sana. Hakuna kompyuta ndani, hakuna mstari hata mmoja wa programu. Mimi kazi hiyo ningeiandikia mistari mia mbili, halafu nianze kutafuta makosa yake!

Waliobuni hita hii hawakuwa wakitafuta starehe. Kwenye misitu ya Uswidi, Finland na Kanada, watu hukata miti penye theluji. Mtetemo wa mashine huumiza mishipa midogo ya damu na ya fahamu mikononi. Mkono ulioumia hivyo ukipigwa na baridi, vidole hugeuka vyeupe na kufa ganzi. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton aliyaona hayo kwa wachonga mawe wa Bedford, Indiana, kule Marekani, waliotumia nyundo za upepo. Joto la kishikio husaidia damu itembee, lakini halipunguzi mtetemo. Kazi ya kupunguza mtetemo hufanywa na mpira au springi zilizowekwa kati ya injini na vishikio.

Basi sisi wa pwani tuko salama? Hapana, na hii ndiyo sababu ya kuandika leo. Utafiti kwa wafanyakazi wa nchi za joto, kama Malaysia na Vietnam, umeonyesha kwamba vidole vyeupe ni nadra, lakini ganzi na kuchomachoma vipo. Kwa lugha yetu ya programu: mfumo unaharibika, lakini hautoi ujumbe wa kosa. Kule kwenye baridi vidole hupiga kengele. Huku kwetu kengele imezimwa na hali ya hewa.

Nilimuuliza mjomba kuhusu mikono yake. Akasema mkono wa kushoto huamka umekufa ganzi, na vifungo vya shati humsumbua. "Uzee huo, mjomba." Huenda ni uzee. Lakini msumeno wake wa zamani, aliotumia miaka mingi, mipira yake ilikuwa imekatika yote, na aliibana kwa waya. Amekubali kwenda kuonana na daktari.

Kwa hiyo ukienda kununua, soma herufi. Husqvarna huweka G kwa msumeno wenye hita, mfano 550 XPG. Stihl huweka W. Usilipe hata shilingi moja zaidi kwa herufi hizo. Shika vishikio, utikise, uone kama mipira au springi ni nzima. Tafuta kwenye kitabu chake kipimo cha mtetemo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 inaweka mwisho wa mita 5 kwa sekunde mraba kwa siku ya saa 8, na mtetemo ukiwa mara mbili, muda unashuka hadi robo. Mnyororo nao unolewe, maana butu hutetemesha zaidi.

Tena, kama umetoka nchi za baridi, angalia kama una kile kifuniko chenye alama ya theluji na ya jua. Upande wa theluji hupeleka hewa ya moto kwenye kabureta ili isigande. Stihl wanasema juu ya nyuzi 20 urudishwe kwenye jua, la sivyo injini itapata moto kupita kiasi. Kwetu ni jua mwaka mzima.

Na kama una baba, kaka au mjomba anayeshika pawasoo, usimuulize vidole vyake vina rangi gani. Muulize kama anaweza kufunga vifungo vya shati.