Enzi Pasipo Ngoma

Tunapoutaja ufalme, fikra zetu huelekea kwenye vyombo. Twazikumbuka ngoma za enzi za Wahaya na siwa ya Pate; twaikumbuka pia Unguja, ambako Sultani Barghash (1870-1888) alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza muziki wa kuburudisha jumba lake. Tukifika Mbulu na Hanang twajikuta mikono mitupu, na upesi twaandika kwamba huku watawala hawakuwa na muziki.

Jumba la mfalme halikuwapo, ni kweli. Machifu waliotambuliwa na wakoloni, ambao mamlaka yao yalifutwa mwaka 1963, sio walioshika roho ya nchi. Kwa Wadatoga heshima hiyo ilikuwa ya koo kama Bajuta, ukoo wa mtabiri Saigilo. Kwa Wairaqw ilikuwa ya wazee waliojua kuombea watu. Muziki wao ulikuwa sauti. Slufay ya Wairaqw hunenwa na mzee, na waliohudhuria huitikia. Kwa maoni yetu kiitikio hicho ni nusu ya baraka.

Na mke wa mkubwa je? Miongoni mwa Wadatoga, nyimbo za kumwomba Aseeta, yaani Mungu, ni kazi ya wanawake hasa. Mambo yakiwa mazito, kama vile ukame au utasa, hukusanyika wakaimba, nao wanaume hukaa kando. Mume aweza kuwa na mifugo tele na neno zito barazani, lakini wimbo ule si wake kuuamuru. Tena wanawake hao hao wana baraza lao, na mwanamume aliyemkosea mwanamke hutozwa ng'ombe.

Wenye heshima, waume na mara nyingine wake, hufanyiwa bung'eda. Kwa muda wa miezi tisa hivi kaburi huinuliwa kwa udongo na samadi, tabaka juu ya tabaka, hata likapita kimo cha mtu. Pombe ya asali hunywewa, na nyimbo za kumsifu marehemu na ukoo wake huimbwa na umati uliotoka mbali. Hiyo ndiyo ngoma ya enzi ya huku, ila imejengwa ardhini.

Kwa hiyo ilikuwa hasara kubwa pale, tangu miaka ya 1970, mashamba ya ngano ya serikali, yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada, yalipotwaa hekta 40,000 hivi katika nyanda za Basotu, na matrekta yakapita juu ya makaburi kadhaa ya namna hiyo. Wabarabaig walilalamika hadi mahakamani. Hesabu za magunia ziliandikwa. Ya nyimbo hakuna aliyeiandika.

Tukirudi Hanang na kinasa sauti, basi, tusiishie kwa mzee aliyeketi kivulini. Tumngoje na bibi arudi kisimani, tena tumwombe yeye kwanza.