Safari Yangu ya Ibo

Ibo si mbali sana na kwetu Vamizi, lakini sikupata kuuona mji huo ila likizo iliyopita. Maji yalikuwa yamekupwa. Tukashuka jahazini, tukatembea matopeni. Nalistaajabu kuona majumba makubwa ya mawe hayana mapaa, mizizi imepasua kuta. Nikaambiwa kwamba bandari ina maji haba: meli kubwa zilikwenda Pemba, na serikali ikahamia huko.

Katika ngome ya mwaka 1791 masonara wangali wakifua mikufu ya fedha. Hapo nikakutana na mzee wa kwetu aliyekimbia vita mwaka 2020. Akaniuliza kama minazi yake ingali imesimama. Nikamjibu, mingi imesimama.

Wenzangu wa visiwani, nyumba isiyokaliwa huanguka. Tumalizapo masomo, turudi.